Asiye na dini akiita mkutano, anakamatwa? Sheria ya Bongo inasemaje

Haya wadau, leo tuingie kwenye mada ambayo najua itanipa matusi kwenye maoni, lakini niliahidi mtu nitaiandika, kwa hiyo naandika.

Siku moja nilikuwa kafe nasubiri ukurasa ufunguke (spidi ya Igunga mnaijua wenyewe), akaja mshikaji mmoja, fundi simu wa pale karibu na stendi. Akavuta kiti, akaangalia kama kuna mtu anasikiliza, halafu akaninong'oneza: "Kaka, hivi mtu asiyeamini Mungu akiita mkutano, anakamatwa?"

Nikadhani utani. Kumbe mwenzangu yuko siriazi. Yeye na wenzake wanne wana kijiwe chao Jumapili jioni. Wawili walikulia Katoliki, mmoja baba yake anafundisha madrasa, mmoja kwao ni watu wa mizimu tangu babu, yeye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani. Wanabishana kama Mungu yupo, kama uchawi upo, kwa nini mvua inakatika Januari, mambo kama hayo. Wakaona kijiwe kimekuwa kidogo, wakataka kukodi ukumbi na kubandika tangazo: anayeamini aje, asiyeamini aje, tuulizane maswali. Wakachanga, wakalipa. Kesho yake mwenye ukumbi akasikia mada ni nini. Akawarudishia hela yao yote, hata shilingi hakukata, akasema hataki laana ndani ya nyumba yake. Mzee mmoja akaongezea kwamba kukana Mungu hadharani ni kosa la jinai, miaka saba jela.

Nikamwambia nipe muda nitafute. Mimi sio mwanasheria, nimeishia form four, ila kusoma najua. Nilichopata ndio hiki.

Jibu fupi: hakuna sheria Tanzania bara inayosema kutoamini Mungu ni kosa. Hiyo miaka saba sijaiona popote. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini, na imetaja wazi kwamba mtu anaweza kubadilisha dini au imani yake. Uhuru wa mawazo umetajwa sambamba na imani, sio chini yake. Ibara ya 18 inahusu kutoa maoni. Ibara ya 20 inahusu kukutana na kuchanganyika na watu wengine. Na ibara ya 3 inasema nchi yenyewe haina dini. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa kila siku, lakini ndiye aliyetuzoesha kusema serikali haina dini, watu ndio wenye dini.

Sasa jibu refu, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Ipo sheria inayogusa maneno kuhusu dini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu nzima ya makosa ya dini, vifungu vya 125 mpaka 129. Kuna kuharibu au kunajisi mahali pa ibada, kuna kuvuruga watu walio kwenye ibada, na kuna hiki cha 129 ambacho ndicho kinachoogopwa: kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Adhabu yake kubwa kabisa ni mwaka mmoja. Sheria hii tuliirithi kwa Mwingereza, na ukienda India utakuta ndugu yake.

Neno la kushika hapo ni MAKUSUDI. Na jambo la kuchekesha ni kwamba aliyetusaidia kulielewa neno hilo sio mkana Mungu. Ni mhubiri wa Kiislamu.

Wakubwa wanaikumbuka kesi ya Dibagula. Hamisi Rajabu Dibagula alikuwa mhubiri wa ile mihadhara ya kulinganisha dini, mkoani Morogoro. Alisema kwenye mkutano wa hadhara kwamba Yesu sio mwana wa Mungu. Sasa kwa Mwislamu hayo ndiyo mafundisho yake, hajatunga. Akashitakiwa kwa kifungu hicho hicho cha 129. Mwaka 2001 mahakama ya wilaya ikampa miezi 18, yaani zaidi hata ya mwaka mmoja ambao sheria inaruhusu! Waislamu wakaandamana Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo huo kupinga. Mahakama Kuu ikamtoa jela, ila doa la kutiwa hatiani likabaki. Hakukubali. Akaenda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta wakafuta hatia yote. Kwa lugha yetu ya kijiweni walisema hivi: mtu kueleza anachoamini, hata kama mwenzake kinamchoma, sio lazima awe amekusudia kumchoma. Upande wa mashitaka lazima uthibitishe hilo kusudio.

Soma tena hapo taratibu. Kama Mwislamu anaruhusiwa kusema kwenye spika kwamba Yesu sio Mungu, na Mlokole anaruhusiwa kusema kwenye spika kwamba nje ya Yesu wote tunaenda motoni (na tunamsikia kila siku ya gulio, hata ukiwa ndani umefunga mlango), basi fundi simu anayesema "mimi sijashawishika kama yupo" amesema nini kibaya zaidi yao? Kila dini inakana miungu ya mwenzake. Huyu kaongeza mmoja tu.

Lakini msije mkasema nimewadanganya. Ukisimama mbele ya msikiti wakati wa swala ukaanza kukejeli, au ukachana kitabu cha watu, hiyo kesi huchomoki, na mimi sitakuja kukuwekea dhamana. Kuuliza na kutukana ni vitu viwili, na polisi wa zamu hatakuwa na muda wa kuvitofautisha kama umeshakusanya umati wenye hasira.

Tuje kwenye mkutano wenyewe. Watu watano nyuma ya kibanda cha simu hawahitaji kibali cha mtu yeyote. Mkitaka kufanyia sehemu ya wazi, uwanjani au sokoni, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inataka mpeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Mnasema ni wapi, saa ngapi, mkutano wa nini. Angalieni neno: TAARIFA. Sheria haijasema mnaomba ruhusa. Ila hapo hapo polisi wanaweza kuuzuia wakiona utavunja amani, na hapo ndipo mtihani ulipo, maana anayetishia kuvunja amani mara nyingi sio mwenye mkutano bali ni yule aliyekasirika kwamba mkutano upo. Ndio maana nilimshauri jamaa aanzie ndani ya ukumbi, sio uwanjani.

Na chama je? Sheria ya Vyama, Sura ya 337, inahesabu kuanzia watu kumi. Mkiwa watano nyie ni marafiki tu. Mkifika kumi na mkawa na jina na katiba, mnaenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, kule kule yanakosajiliwa makanisa na taasisi za Kiislamu. Dar es Salaam wapo watu wanaojiita wenye fikra huru, kundi lao linaitwa Jichojipya, na wanasema na kuandika bila kuficha sura. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye wa kwanza Bongo nzima.

Waliolivalia njuga suala la usajili ni majirani zetu. Kenya kuna chama kinaitwa Atheists in Kenya, rais wake Harrison Mumia. Waliomba usajili wakakataliwa, sababu ikawa ni amani na utulivu wa nchi. Wakabana. Tarehe 17 Februari 2016 wakapata cheti, chama cha kwanza cha wasio na dini kusajiliwa nchini humo. Viongozi wa dini wakaja juu, na mwezi Aprili mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, akasimamisha usajili. Hawakuandamana wala kuchoma matairi. Walienda mahakamani, na mwaka 2018 usajili wao ukarudi. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu mwanzoni kabisa kwenye utangulizi, halafu ibara ya 8 inasema hakuna dini ya serikali. Vyote viwili kwenye kitabu kimoja, na nchi inaendelea.

Kuna kisa chao kimoja napenda sana kukisimulia. Mei 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu. Sababu? Amempata Yesu! Watu mtandaoni walicheka wiki nzima. Chama kikatoa taarifa ya kistaarabu: kikamshukuru kwa kazi yake, kikamtakia heri na Yesu wake, kikatangaza nafasi ya katibu iko wazi. Basi, hakuna aliyemtishia wala aliyemtoa kwenye nyumba ya kupanga. Sasa ligeuze. Mchukue katibu wa kanisa au wa msikiti hapa kwetu, siku moja aandike barua kwamba ameacha kuamini. Ile barua ya kumtakia heri itaandikwa na nani?

Na sio watu wachache. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, katika watu milioni 47 na nusu hivi. (Sio wote wakana Mungu, wengine hawaendi popote tu.) Sisi hatujui idadi yetu, kwa sababu sensa yetu iliacha kuuliza dini baada ya mwaka 1967. Mwaka 2012 kuna Waislamu waligomea sensa wakitaka swali hilo lirudi, serikali ikagoma. Mimi naona serikali ilikuwa sahihi, ila matokeo yake ni kwamba asiye na dini hapa nyumbani haonekani hata kwenye namba. Haonekani mpaka afike polisi kutoa maelezo aulizwe: jina, umri, kabila, dini. Ukisema huna, askari anakuangalia, anakuuliza "baba yako dini gani?" anaandika hiyo.

Hata mahakamani kuna nafasi yako, wengi hawajui. Sheria ya viapo inamruhusu mtu asiye na dini, au ambaye kuapa kunapingana na imani yake, kuthibitisha badala ya kuapa. Kwenye majalada ya zamani ya huku kwetu utakuta shahidi wa Kisukuma au Kinyamwezi ameandikwa "mpagani, amethibitisha", na ushahidi wake ukapokelewa kama wa mwingine. Kwa wenzetu Uingereza jambo hili lilileta vita kubwa. Charles Bradlaugh alichaguliwa ubunge mwaka 1880, akakataliwa kiti kwa sababu haamini Mungu na alitaka kuthibitisha badala ya kuapa. Wakamfukuza, wananchi wakamchagua tena, wakamfukuza tena, wakamchagua tena. Alikaa kwenye kiti mwaka 1886, na mwaka 1888 sheria ikabadilishwa. Shahidi wa Igunga anayesema "nathibitisha" anafaidi vita ya huyo mzungu bila kumjua.

Nimeshasikia wanaosema haya ni mambo ya kizungu, hayana asili hapa. Sawa, ila tukumbuke na haya mengine yalikuja kwa miguu. Uislamu ulifika Unyanyembe na misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo, na babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo. Mapadri na wamisionari wakafuata njia hiyo hiyo miaka ya 1870 mwishoni. Mtemi Mirambo alimpokea daktari mmisionari kule Urambo mwaka 1879, akampa mahali pa kukaa, akafanya biashara na Waarabu alipopatana nao na akapigana nao walipokorofishana. Mpaka anakufa mwaka 1884 hakubatizwa wala hakusilimu. Alisikiliza wote akabaki na ya kwake. Hakuna aliyemwita Mirambo mzungu.

Sasa swali la msingi ambalo mshikaji wangu mwingine aliniuliza kwa dharau: "Hao jamaa wakikutana, mimi napata nini?"

Tusidanganyane, tunaishi wapi. Hapa ni Igunga. Ukienda juu Nzega, ukienda Shinyanga, ukizunguka mbuga ya Wembere, kila mtu ana bibi anayemjua aliyetajwa. Kikongwe macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka sitini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mtoto wa jirani akiumwa malaria anatajwa yeye. Wengine walikatwa mapanga usiku. Miaka ya 2007 na 2008 yakaja mauaji ya ndugu zetu albino kanda ya ziwa na huku magharibi, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi. Na sheria ya uchawi ipo tangu 1928: inamwadhibu anayejidai mchawi na pia inamwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Umewahi kuona mtu amefungwa kwa kumtaja bibi? Mimi sijaona.

Lakini lambalamba wakija kijijini, hao wanaojidai kufichua wachawi, mkutano unajaa. Kila kaya inachangishwa. Wanaingia nyumba za watu, wanachimbua pembe na vibuyu walivyoleta wenyewe, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyewauliza ukumbi wa nani wala laana ya nani. Mtu pekee ambaye angeweza kusimama katikati ya umati ule akasema "jamani, pembe hiyo ameitoa kwenye mkono wa shati" ni mtu aliyezoea kuuliza maswali hadharani bila kuogopa. Mtu huyo anatengenezwa wapi kama kijiwe chake kinafungwa kabla hakijafunguliwa?

Siseme kwamba waumini hawapingi mauaji. Wanapinga, na mapadri, masheikh na wachungaji wengi wamesimama imara na wengine wanahifadhi walengwa. Ila wapo pia wahubiri, na ninawasikia kwa masikio yangu, ambao kila mkutano wanataja "wachawi wa mtaa huu" kwenye spika, halafu asubuhi wanashangaa bibi kapigwa mawe. Mtu anayeamini uchawi upo hawezi kumwambia mwingine haupo, anachoweza ni kusema aombewe. Hapo ndipo asiyeamini anafaa jamii, hata kama humpendi.

Uganda wameliona hilo mapema. Kasese, mpakani na Congo, kuna shule ya msingi ilianzishwa mwaka 2011 na Bwambale Robert Musubaho, inaitwa Kasese Humanist. Watoto wa dini zote wanasoma pale, hawalazimishwi sala, na wanafundishwa kuuliza ushahidi wa kila kitu, uchawi ukiwemo. Wazazi wengi waliopeleka watoto pale ni waumini wenyewe, walichotaka ni shule inayofundisha.

Upande wa hao jamaa nao nina neno. Nimekaa nao Jumapili moja nikisikiliza. Wawili wanajua kuuliza. Mmoja kazi yake ni kucheka waumini tu, anamwita kila anayesali mjinga. Nikamwuliza mama yako anasali? Akasema ndio. Nikamwuliza nani alikulipia ada? Akanyamaza. Ukitaka watu wakuache useme, jifunze kusema. Hapa Igunga tunajua mambo ya dini yanavyowaka: kwenye kampeni za uchaguzi mdogo wa 2011 ugomvi na Mkuu wa Wilaya ulihusisha hijabu yake, na ndani ya siku mbili haikuwa tena siasa, ilikuwa dini, nchi nzima. Cheche ndogo tu.

Kwa hiyo nilimpelekea fundi simu majibu yake. Nikamwandikia kwenye karatasi: ibara ya 18, 19 na 20, kifungu cha 129 na kesi ya Dibagula, saa 48, watu kumi. Akasoma mara mbili. Akakunja, akaweka kwenye kopo la skrubu. Ukumbi mwingine ameshaupata, mwenyewe amesema hela ni hela. Barua ya polisi ameshaandika ingawa kwa ndani hailazimishwi, anasema bora wajue mapema.

Kilichobaki ni tangazo. Amelichapa hapa hapa kafe, nakala kumi na tano, na zimekaa mezani kwake hazijabandikwa. Nikamwuliza anangoja nini tena, polisi? Akasema hapana. Anangoja mama yake arudi kutoka Nzega ili amwambie yeye mwenyewe kwanza, asije akalisoma ukutani akitoka misa.

Nawasilisha. Maoni yote nitayaweka, ya kuunga na ya kupinga. Matusi na majina ya watu sitaweka. Na anayemfahamu huyo fundi simu tafadhali asimtaje hapa, atajitaja mwenyewe akiwa tayari.